Milinganyo miwili, herufi mbili: maswali ninayoulizwa na wanafunzi na wazazi wa Mtwara

Nafundisha Hisabati Mtwara mjini. Mchana nipo darasani, jioni nakaa na vijana wa kidato cha kwanza mpaka cha nne wanaotaka kurudia walichokosa. Mada inayowarudisha wengi ni hii ya milinganyo ya pamoja, ile ambayo shuleni wanaiita saimaltenias ikwesheni. Maswali yao nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Sekondari mada hii inafundishwa kwa Kiingereza, na mtihani unakuja kwa Kiingereza, lakini mtoto wa hapa anahesabu chenji sokoni kwa Kiswahili. Akishaielewa hesabu kwa lugha hiyo, kuiandika kwa ile nyingine ni kazi ndogo.

Milinganyo ya pamoja ni nini hasa?

Tuanzie kijiweni. Mzee mmoja kanywa vikombe vitatu vya kahawa, kala kashata mbili, kalipa shilingi 800. Bei ya kikombe ni ngapi, na ya kashata ni ngapi?

Ukiniambia kahawa 200 na kashata 100, siwezi kukukatalia: 600 na 200 ni 800. Jirani yako akisema kahawa 100 na kashata 250, naye siwezi kumkatalia: 300 na 500 ni 800. Wa tatu atasema kahawa 150 na kashata 175, na hesabu yake inakaa vilevile. Maelezo ya mzee huyu ni ya kweli, ila hayatoshi.

Sasa anakuja mzee wa pili. Yeye kanywa vikombe viwili, kala kashata tano, kalipa 900. Hapo majibu yote yanaanguka isipokuwa moja. Jaribu 100 na 250: vikombe viwili ni 200, kashata tano ni 1,250, imepita. Jaribu 200 na 100: 400 na 500 ni 900. Hilo ndilo.

Kila mlinganyo, yaani kila maelezo kama ya wazee hawa yanayosema kiasi hiki ni sawa na kile, ni shahidi. Vitu viwili usivyovijua vinahitaji mashahidi wawili, na jibu ni lile ambalo mashahidi wote wawili wanalikubali kwa wakati mmoja. Ndiyo maana tunasema "ya pamoja". Mwanafunzi akilishika hili, njia zote zinazofuata ni namna tofauti za kuwahoji mashahidi walewale.

Herufi inasimama badala ya nini?

Swali hili huulizwa na wachache, na ningependa waulize wengi. Tukiandika 3k + 2s = 800, herufi k si kahawa. Ni bei ya kikombe kimoja cha kahawa, yaani ni namba. Na s ni bei ya kashata moja. Anayesoma 3k kama "kahawa tatu" ataenda vizuri kwa muda, kisha atapotea kwenye swali gumu kidogo bila kujua alipopotelea.

Angalia hili: "Shambani kwa babu kule Mikindani, minazi ni mara tatu ya mikorosho. Miti yote ni 96." Tuite idadi ya minazi n, na idadi ya mikorosho m. Mlinganyo wa kwanza ni upi? Darasa zima huwa linaandika 3n = m, kwa sababu "minazi" na "tatu" vimekaa jirani katika sentensi. Jiulize ipi ni mingi. Minazi. Basi ile michache ndiyo inayozidishwa ili iifikie ile mingi: n = 3m. Na n + m = 96. Weka 3m mahali pa n, unapata 4m = 96, mikorosho 24, minazi 72.

Kosa hilo silihesabu kuwa la hisabati, ni la kusoma. Dawa yake ni kuweka namba rahisi kabla hujaandika chochote: kama mikorosho ingekuwa kumi, minazi ingekuwa mingapi? Thelathini. Je, mlinganyo wangu unasema hivyo?

Mtego mwingine wa namna hiyo: "Umri wa Asha umepungua miaka 3 kwa ule wa kaka yake." Tukiuita umri wa Asha a, na wa kaka yake k, ni a = k − 3. Wengi wanaandika 3 − k, kwa kuwa tatu ndiyo namba waliyoiona.

Mwalimu, ile njia ya kuondoa inafanyaje kazi?

Unataka herufi moja itoke ili ibaki moja unayoweza kuitatua. Turudi kijiweni:

3k + 2s = 800
2k + 5s = 900

Namba inayozidisha herufi tunaiita kizigeu. Vizigeu vya k ni 3 na 2. Haviwezi kuondoana kwa sababu havifanani, kwa hiyo tunavifananisha kwa kutafuta KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, ambayo hapa ni 6. Mlinganyo wa kwanza wote nauzidisha kwa 2, wa pili wote kwa 3:

6k + 4s = 1,600
6k + 15s = 2,700

Natoa wa juu kutoka wa chini: 11s = 1,100, s = 100. Kashata ni shilingi mia. Narudisha mia hiyo kwenye mlinganyo wa kwanza: 3k + 200 = 800, 3k = 600, k = 200.

Mtu akiniuliza kwa nini inaruhusiwa kutoa mlinganyo kutoka mlinganyo mwingine, nafurahi sana. Ni kama mizani. Upande wa kushoto na wa kulia una uzito mmoja. Ukipunguza vitu vyenye uzito sawa pande zote mbili, mizani inabaki imelala. Kwa kuwa 6k + 4s ni sawa na 1,600, kutoa 6k + 4s kushoto na kutoa 1,600 kulia ni kutoa kitu kilekile kwa sura mbili.

Njia hii ni ya zamani mno. Wachina waliitumia zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, wakipanga vijiti vya kuhesabia juu ya ubao kwa safu, safu moja wakiipunguza kutoka nyingine. Na neno aljebra limetoka Kiarabu, al-jabr, kupitia kazi ya al-Khwarizmi aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Huwa nawaambia wanafunzi wangu hivyo, maana wapo wanaodhani somo hili lililetwa na Mzungu na haliwahusu.

Na njia ya kuweka badala?

Hapa unaitaja herufi moja kwa maneno ya nyingine, kisha unaiingiza kwenye mlinganyo wa pili. Inafaa sana pale ambapo herufi imesimama peke yake, yaani kizigeu chake ni 1.

Mfano wa msimu wa korosho. Mkulima wa Tandahimba kapeleka ghalani kilo 500, nyingine daraja la kwanza na nyingine la pili. Tuseme, kwa ajili ya swali letu tu, daraja la kwanza limenunuliwa kwa shilingi 3,000 kwa kilo na la pili kwa 2,500, na malipo kabla ya makato ni 1,440,000. Kila daraja lilikuwa kilo ngapi? Tuite kilo za daraja la kwanza a, na za daraja la pili b.

a + b = 500
3,000a + 2,500b = 1,440,000

Usianze kuzidisha hayo masifuri. Gawanya mlinganyo wa pili wote kwa 500: 6a + 5b = 2,880. Sasa, kutoka mlinganyo wa kwanza, b = 500 − a. Weka:

6a + 5(500 − a) = 2,880
6a + 2,500 − 5a = 2,880
a = 380

Basi b = 120. Hakiki: 380 kwa 3,000 ni 1,140,000, 120 kwa 2,500 ni 300,000, jumla 1,440,000.

Swali hili nalipenda kwa sababu kuna vijana walioniambia kwamba walilitumia nyumbani, wakakaa na karatasi ya malipo ya baba na kalamu. Bei halisi zinatoka mnadani na zinabadilika, lakini hesabu haibadiliki. Mkulima anayeweza kuirudia hesabu ya chama chake cha msingi cha ushirika yeye mwenyewe anaongea kwa sauti nyingine mkutanoni.

Nitumie njia ipi kwenye mtihani?

Swali likitaja njia, fuata njia hiyo, hata kama nyingine ni fupi. Lisipotaja, tazama vizigeu. Ukiona herufi yenye kizigeu 1, weka badala. Vizigeu vikiwa vikubwa vyote, ondoa. Nusu dakika ya kutazama inaokoa dakika tano za kufuta.

Kwa nini jibu langu linakataa kila mara wakati nimefuata hatua zote?

Mara nyingi ni alama ya kutoa. Mimi mwenyewe nilipokuwa kidato cha kwanza nilikosa maswali matano mfululizo kwa kosa hili, na hakuna aliyenionyesha nilipokosea. Daftari lilirudi na alama za mkasi tu. Kwa hiyo nitalieleza taratibu.

5x − 2y = 11
5x − 7y = 1

Tunatoa wa chini kutoka wa juu. 5x inaondoka. Upande wa y tuna −2y, tunatoa −7y. Wengi wanaandika −9y. Sivyo. Kutoa deni ni kuongeza: ukidaiwa elfu saba na mwenye duka akakufutia, umeongezewa elfu saba. Kwa hiyo −2y − (−7y) ni −2y + 7y, yaani 5y. Kulia 11 − 1 ni 10. y = 2, na x = 3.

Andika mabano. Kila unapotoa kitu chenye alama hasi, kiwekee mabano kwanza, halafu ndipo uyafungue. Kama kutoa kunakuchanganya kabisa, basi zidisha mlinganyo mmoja wote kwa −1 kisha ujumlishe. Ni hatua moja zaidi, lakini watu hukosea kujumlisha mara chache kuliko kutoa.

Kosa la pili ni kuzidisha upande mmoja tu. Ukiwa na x/2 + y/3 = 4, unazidisha kwa 6 ili sehemu ziondoke, unapata 3x + 2y = 24. Wengi wanaacha ile 4 ilivyo. Mizani itainama.

Grafu ina faida gani kama njia nyingine zipo?

Grafu inakuonyesha kwa macho kile ambacho njia nyingine zinakificha. Kila mlinganyo wa namna hii ni mstari mnyoofu, na kila nukta juu ya mstari ni jibu ambalo shahidi mmoja analikubali. Mistari miwili inapokatana, hapo ndipo wanapokubaliana.

Chukua x + y = 5 na 2x − y = 4. Wa kwanza unapita (0, 5) na (5, 0). Wa pili unapita (0, −4) na (2, 0). Chora kwa rula na penseli iliyochongwa. Itakatana kwenye (3, 2).

Udhaifu wake ni kwamba jibu likiwa 2.37 jicho halitaliona sawasawa. Kwa jibu kamili, tumia kuondoa au kuweka badala.

Nimepata 0 = 200. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea. Turudi kwa wazee wetu. Mmoja anasema vikombe viwili na kashata mbili ni 600. Mwingine anasema vikombe vinne na kashata nne ni 1,400. Zidisha wa kwanza kwa 2 upate 4k + 4s = 1,200, kisha toa: 0 = 200. Mashahidi wamepingana. Hakuna bei inayoweza kuwaridhisha wote wawili, na kwenye grafu mistari yao ni sambamba, haikutani hata ukiichora mpaka Masasi. Jibu lako ni kwamba hakuna jibu, na hilo ni jibu kamili.

Wa pili angesema 1,200, ungepata 0 = 0. Hapo hakuna ugomvi, ila shahidi wa pili amerudia maneno ya wa kwanza kwa sauti kubwa zaidi. Mistari imelaliana, majibu hayana idadi, na bado huijui bei ya kikombe. Ukihesabu mashahidi, hesabu wanaoleta habari mpya.

Matriksi za kidato cha nne ni kitu kipya?

Ni hesabu ileile iliyovuliwa herufi. Unapanga vizigeu vya kijiweni, 3 na 2 juu, 2 na 5 chini. Unazidisha kwa mshazari na kutoa: 3 × 5 − 2 × 2 = 11. Namba hiyo inaitwa ditaminanti. Tazama tena pale tulipoondoa k: tulipata 11s. Ni 11 ileile! Siku nilipoliona hilo nilikaa nalitazama daftari muda mrefu.

Bei ya kahawa ni (800 × 5 − 2 × 900) gawanya kwa 11, yaani 2,200/11 = 200. Ya kashata ni (3 × 900 − 2 × 800)/11 = 1,100/11 = 100. Kanuni hii ina jina la Gabriel Cramer, mwanahisabati wa Geneva, aliyeichapisha mwaka 1750. Na ditaminanti ikiwa sifuri, upo kwenye ile hali ya mashahidi wanaopingana au wanaorudiana.

Maswali ya maneno yananishinda kabisa. Nianzie wapi?

Soma mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili, tafuta kile unachoulizwa, kwa kawaida kipo kwenye sentensi ya mwisho, na hicho ndicho upe herufi. Andika kwa sentensi kamili herufi inasimama badala ya nini. Kisha kila sentensi inayotoa habari igeuze kuwa mlinganyo, moja baada ya nyingine, bila kuruka.

"Umri wa baba ni mara nne ya umri wa mwanawe. Baada ya miaka 6 utakuwa mara tatu." Baba ni b, mtoto ni m, umri wa leo. Sentensi ya kwanza: b = 4m. Ya pili: miaka 6 inaongezeka kwa wote wawili, si kwa baba peke yake, kwa hiyo b + 6 = 3(m + 6). Weka badala: 4m + 6 = 3m + 18. Mtoto ana miaka 12, baba 48. Baada ya miaka 6 watakuwa 18 na 54. Sawa.

Na swali la boti, ambalo wanaoishi karibu na Ruvuma wanalielewa kabla sijamaliza kulisoma. Boti ya mashine inashuka na mto kilomita 24 kwa saa 2, inarudi kwa saa 3. Ikishuka, maji yanaisaidia, ikipanda, yanaipinga. Mwendo wa boti ni v, wa maji ni w: v + w = 12, v − w = 8. Jumlisha tu, w inaondoka yenyewe: 2v = 20, v = 10, w = 2.

Simu inanipa jibu kwa kupiga picha swali. Nihangaike kwa nini?

Itumie baada ya kumaliza, kama ya kujisahihisha. Ukiitumia kabla, utakuwa umeijua simu, si hesabu, na simu huingii nayo kwenye chumba cha mtihani. Tena zoezi hili lina kipimo chake ndani: rudisha namba ulizopata kwenye milinganyo yote miwili. Yote miwili, nasisitiza, kwa sababu jibu baya linaweza kuuridhisha mmoja, kama wale majirani wa kijiweni. Huhitaji mtu wala mashine kukuambia umepata.

Mimi ni mzazi, niliishia darasa la saba. Nitamsaidiaje?

Unaweza kumsaidia sana, mzazi mwenzangu. Mwambie akusomee swali kwa Kiswahili. Akishindwa kukueleza linasema nini, hapo ndipo tatizo lilipo, na umeligundua wewe kabla ya mwalimu. Akimaliza, mwambie akutajie namba alizopata, kisha muirudie hadithi kwa namba hizo: "Kahawa mia mbili, vikombe vitatu ni ngapi? Kashata mbili je? Jumla?" Hesabu hiyo unaifanya kila siku sokoni.

Kuna mama anauza samaki feri, mwanawe alikuwa anakuja kwangu jioni. Kila usiku alikuwa akimhoji kijana namna hiyo huku akipaa samaki, bila kujua hata herufi moja ya zile zilizoandikwa. Kijana aliacha kuniletea majibu yasiyohakikiwa.

Naomba maswali ya kujipima.

La kwanza: kilo 4 za pweza na kilo 3 za changu ni shilingi 61,000. Kilo 2 za pweza na kilo 5 za changu ni 55,000. Tafuta bei ya kilo ya kila kimoja.

La pili: stendi ya Mkanaledi kuna pikipiki na bajaji 30 kwa jumla. Magurudumu yote ni 74. Pikipiki ngapi, bajaji ngapi?

La tatu, kwa wanaotaka kutoka jasho: namba ina tarakimu mbili zenye jumla ya 11. Ukizibadilisha nafasi, namba inapungua kwa 27. Ni namba gani? Dokezo: namba yenyewe usiiandike ab, iandike 10a + b.

Majibu sijayaandika hapa. Ukipata namba zako, zirudishe kwenye swali. Zikikaa pande zote mbili, hayo ndiyo majibu.